Kalenda ya Shule na Mkataba wa Pango
Mazungumzo na wakazi wa Kata ya Mfaranyaki, Manispaa ya Songea

 

Nikiwa darasa la nne, katika mji ulio mbali na hapa, mama alirudi nyumbani jioni moja ya mwezi wa kumi akaanza kufunga vyombo. Mkataba wetu wa miezi sita ulikuwa umekwisha, na mwenye nyumba alikwishapokea kodi ya mtu mwingine. Hakuvunja mkataba, kwa maana tarehe aliyoisimamia mama aliitia saini mwenyewe. Siku chache baadaye nilikwenda kufanya mtihani nikitokea kwa shangazi, upande wa pili wa mji, kwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Tangu hapo najua kwamba mzazi anapopanga nyumba huwa ananunua pia utulivu wa mtoto, na utulivu huo hupimwa kwa tarehe.

Mwaka wa shule huanza Januari. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, upimaji wa darasa la nne hufuata Oktoba, na kidato cha nne huketi Novemba. Sasa chukueni mpangaji aliyeingia tarehe 1 Aprili akalipa miezi sita, kama ilivyo desturi. Mkataba wake unakwisha tarehe 30 Septemba, wakati mtoto anahitaji zaidi kulala na kuamka mahali pamoja.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Muda wa mkataba na awamu za malipo ni mambo mawili tofauti, ingawa tumezoea kuyafanya moja. Huyo wa Aprili anaweza kuomba mkataba wa miezi tisa, hadi Desemba 31, na kulipa kwa awamu tatu za miezi mitatu. Mwenye nyumba naye anafaidika, kwani nyumba haikai tupu na hatafuti mpangaji katikati ya mwaka. Makubaliano hayo yaandikwe, pamoja na kiasi cha kodi kisichobadilika hadi tarehe hiyo. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni mapatano, na ulinzi wa kwanza wa mpangaji ni maandishi yake.

Asiyeandika muda wowote naye hajaachwa mtupu. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, humhesabu kuwa mpangaji wa vipindi, na notisi ya kumwondoa haipaswi kupungua kipindi anacholipia. Anayelipa kwa mwezi anastahili notisi ya mwezi. Lakini mwezi mmoja ni mfupi kwa mwenye watoto watatu shuleni; bora kuandika miezi mitatu mapema, wakati wote wawili bado wanacheka.

Jambo la pili ni nyumba yenyewe. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye nyumba akabidhi makazi yanayofaa kuishi binadamu na kuyatunza yabaki hivyo. Hapa Songea mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayekagua nyumba Julai huona paa kavu na uwanja mkavu. Kwa hiyo tazama dari kama ina madoa, tazama chini ya kuta kama kuna alama za maji, na waulize majirani maji ya mvua hupita wapi. Kama kuna kisima au shimo la choo uani, hakikisha mfuniko wake hauwezi kuinuliwa na mtoto. Kasoro unazoziona ziandikwe kabla ya kulipa, na tarehe ya matengenezo itajwe.

Jambo la tatu ni umeme na maji. Siku ya kuingia, someni pamoja dira ya maji na mita ya LUKU, muandike tarakimu. Ombeni ankara ya mwisho ya SOUWASA, ili deni la aliyehama lisije likawakatia maji ninyi. Na kumbukeni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Miezi ambayo umeme haukununuliwa hulimbikizwa, hivyo anayeingia katika nyumba iliyokaa tupu anaweza kukatwa ya miezi kadhaa kwa mara moja. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye jengo. Shilingi 18,000 za mwaka zitajwe katika mkataba kuwa zitapunguzwa kwenye kodi ya pango, na mpangaji atunze risiti zake. Wanaochangia mita moja wakubaliane mapema jinsi ya kugawana umeme huo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lipa baada ya kusaini, chukua risiti kwa kila malipo, hata kwa dalali. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa sababu usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa ushahidi. Mgogoro ukitokea, anzeni kwa Mwenyekiti wa Mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Ikishindikana, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mama yangu hakukosa fedha mwaka ule. Alikosa miezi mitatu kwenye karatasi, na hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuiomba. Ninyi mmeambiwa. Jioni hii, mkifika nyumbani, toeni mkataba mtazame tarehe yake ya mwisho, kisha muulizeni mtoto atakuwa anafanya nini shuleni wiki hiyo. Kama jibu lake ni mtihani, kazungumzeni na mwenye nyumba wenu sasa, kungali mapema.