Tulipe mbele ya ugonjwa
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa memba, Vitshumbi)



Mumeniomba niseme juu ya sanduku yetu ya msaada. Nitaanzia mbali kidogo, mutanivumilia. Ku chuo kikuu, wanapofundisha siasa ya afya, ulizo la kwanza ni hili: nani analipa hospitali? Majibu iko tatu tu: serikali, mfadhili, ao mgonjwa. Serikali za Afrika ziliahidi kule Abuja, mwaka 2001, kuweka 15% ya bajeti kwa afya. Kwetu hatujafika hapo. Mfadhili anakuja wakati wa kipindupindu (tunakunywa maji ya ziwa, kila mtu anaijua), anatunza watu bure, kisha mradi unaisha. Mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake, tuliona nani anabaki. Anabaki mgonjwa.

Hii ya mgonjwa kulipa ilikubaliwa Bamako mwaka 1987, na mawaziri wa afya wa Afrika pamoja na UNICEF na OMS. Lakini mapatano yale yalikuwa na sehemu mbili: watu walipe dawa, na watu hao hao wasimamie ile feza. Sehemu ya kwanza imefika kila kijiji. Ya pili... muulize komite ya afya ya kwenu, mara ya mwisho ilifungua kitabu cha hesabu mbele ya watu ni lini.

Leo sanduku yetu inafanya nini? Mama amezaa kwa kupasuliwa, wanamzuia juu ya deni, sisi tunakimbia kuchangisha usiku. Saa ile hakuna wa kuzungumza bei, juu mtu wetu iko ndani.

Njia ingine iko, na ilijaribiwa hapa hapa Kongo. Bwamanda, katika Equateur ya zamani, walianza mwaka 1986. Jamaa nzima ilikuwa inalipa mara moja kwa mwaka, wakati feza ya mavuno iko mfukoni. Mtu akiugua alikuwa anapita kwanza ku sentre ya afya, ndipo hospitali inampokea, na yeye alikuwa analipa 20% tu. Musikie vizuri: jamaa nzima. Ukiandikisha bibi mgonjwa peke yake, sanduku inakufa mwaka wa kwanza. Na wengine watajaribu, tunajuana.

Mavuno yetu sisi ni samaki. Basi tuchange wakati samaki inapatikana, si wakati uvuvi umefungwa. Na kabla ya franka hata moja kutoka, tuandikiane na hospitali bei moja ya kuzaa na bei moja ya kupasuliwa. Sheria ya Februari 2017 juu ya mutualite inaturuhusu.

Wafadhili wetu, tafadhali musilipe mchango kwa wote. Lipieni wajane, na wale waliorudi juzi bila nyavu wala mtumbwi. Na karani wa kushika kitabu.

Nasikia wengine wanasema dola tano kwa jamaa, wengine mbili. Mimi sisemi kitu bado. Tuanze na karatasi ya bei kutoka hospitali. Nani wawili watakwenda kuiomba kesho?