Baada ya Kikokotoo: Nani Anailinda Pensheni ya Mwezi?



Tangu mwaka 2018 neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, limetoka kwenye ofisi za mifuko ya hifadhi ya jamii likaingia kwenye daladala na vijiwe vya kahawa. Mwaka huo mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya zikaweka mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, wa asilimia 25, watumishi wakaja juu, na tarehe 28 Desemba Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 kikaanza kikokotoo cha asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikakipandisha hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu, na 35 kwa lililokuwa likipata robo. Ugomvi wote huo ulikuwa wa mkupuo. Mimi leo nataka tuiangalie pensheni ya kila mwezi, ambayo hakuna aliyeipigia kelele.

Tufanye hesabu moja hadi mwisho. Mwalimu ametumikia miezi 420, yaani miaka 35, na mshahara wake ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF, tunazidisha 14,400,000 kwa 420 na kugawanya kwa 540, tunapata pensheni kamili ya mwaka ya 11,200,000. Nusu yake ikizidishwa kwa 15.5 inatoa mkupuo wa 86,800,000. Nusu ya pili, ikigawanywa kwa miezi 12, inampa takriban 466,700 kila mwezi. Sasa tunagawanya kwa 580, mkupuo ni asilimia 40, na tunazidisha kwa 12.5. Mwalimu yuleyule anaondoka na mkupuo wa takriban 52,138,000 na pensheni ya takriban 521,400 kwa mwezi. Nimeuacha mshahara uleule ili hesabu isituchoshe, ingawa siku hizi hutumika wastani wa miaka 3 bora ndani ya 10 ya mwisho, ambao mara nyingi huwa chini ya mshahara wa mwisho.

Mkononi amepungukiwa karibu milioni 34.7. Kwa mwezi ameongezewa 54,700 hivi. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo la mkupuo, inabidi aishi zaidi ya miezi 630 baada ya kustaafu. Akistaafu na miaka 60, atafidiwa akiwa na miaka 112 na ushei. Nawasikia mkicheka; walimu hawakucheka.

Sisemi kwamba Serikali ilifanya uchokozi. PSPF ilipoanza mwaka 1999 ilibebeshwa watumishi ambao miaka yao ya nyuma haikuwa imechangiwa hata senti. Deni hilo lilikaa miaka na mikaka, hadi mwishoni mwa 2021 Hazina ikatoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipunguza. Mfuko wenye mzigo wa namna hiyo usingeweza kuendelea kuzidisha kwa 15.5. Hata ile hoja kwamba mkupuo mkubwa huisha haraka, mzee akabaki mikono mitupu, ina ukweli wake, japo ningependa anayeitoa awe amewahi kujenga nyumba kwa mshahara wa mwalimu.

Ila kuna jambo limesahaulika. Mkupuo hugeuzwa bati, tofali, kiwanja, ng'ombe. Bei zikipanda, vitu hivyo navyo hupanda thamani. Pensheni ya mwezi ni tarakimu tu benki. Kwa kupunguza mkupuo na kunenepesha pensheni ya mwezi, tumeihamisha mali ya mtumishi kutoka pale alipoweza kuikinga mwenyewe tukaipeleka mahali asipoweza. Aliyeihamisha ndiye anayewajibika kuilinda.

Mwaka 2024 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, kiwango cha chini kabisa kwa macho ya mchumi. Haya, tuseme ubaki asilimia 3 tu. Baada ya miaka 10, zile 521,400 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 388,000. Mwalimu akifika miaka 80 zitanunua vya 289,000, na umri huo ndio wa dawa za presha na sukari. Hapo nimehesabu kwa miaka mitulivu. Desemba 2011 mfumuko ulifika asilimia 19.8.

Nyongeza huwa zinakuja, lakini zinakuja kwa tangazo. Mwaka 2015 kima cha chini cha wastaafu wanaolipwa na Hazina kilipanda kutoka kama 50,000 hadi kama 100,000. Kitu kikipanda maradufu kwa siku moja, maana yake kilisahauliwa muda mrefu.

Marekani nao walikuwa hivyo: kila nyongeza ilisubiri kura ya Bunge lao. Sheria ya mwaka 1972 ikaweka kanuni, na kuanzia 1975 pensheni ya Hifadhi ya Jamii inapanda yenyewe. Hulinganishwa bei za Julai, Agosti na Septemba na za miezi hiyohiyo ya mwaka wa mwisho ulioleta nyongeza. Mwaka 2023 ilipanda asilimia 8.7, mwaka 2016 haikupanda kabisa, kwa sababu bei hazikupanda. Wala si ukarimu usio na mipaka. Wastaafu wa serikali kuu walio katika mpango wa FERS walipata asilimia 7.7 mwaka huohuo wa 2023, kwani bei zikipanda kwa zaidi ya asilimia 3, wao hukatwa asilimia moja. Jirani zetu Kenya huongeza asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Ni ndogo, haifikii mfumuko wa bei, lakini mstaafu anaijua kabla haijaja.

Najua tutaambiwa mfuko hauwezi. Basi tathmini ya uhai wa mfuko ituambie unaweza kiasi gani, na kiasi hicho kiandikwe.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Mei Mosi ijayo, kabla ya kudai asilimia nyingine ya mkupuo, daini kifungu kimoja cha sheria: kila Julai pensheni ipande kwa kiwango cha mfumuko wa bei kilichotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hata kikiwekewa ukomo wa asilimia 3. Wastaafu hawana kazi ya kugomea. Mlio kazini ndio wa kuwasemea.