Unachoulizwa Kila Siku Ndicho cha Kuandika

Leo tunazungumza na yule anayesema, "Natamani kuandika, lakini nitaandika nini?"

Mtazame mama anayeuza ndagala sokoni. Anajua kwamba walioanikwa juu ya mchanga hukwaruza meno, na walioanikwa kwenye vichanja vya wavu huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Anajua pia kwamba mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti samaki ziwani, hivyo ndagala huadimika na bei hupanda. Mama huyo akiyapanga hayo kwenye kurasa mbili, tayari ana makala ambayo mhariri wa mjini hawezi kuitunga akiwa mezani kwake.

Waliotutangulia nao walianzia kwenye kazi nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Hadithi yake ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la East African Literature Bureau mwaka 1958, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Na hapa Bujumbura, wakazi wa Kinanira wanamjua Gaël Faye. Alianza na muziki wa rap, kisha mwaka 2016 akatoa riwaya Petit Pays kuhusu utoto katika mtaa huo huo, ikapata tuzo ya Goncourt des lycéens huko Ufaransa.

Sasa wewe uanzeje? Fikiria swali ambalo watu hukuuliza mara kwa mara: fundi cherehani huulizwa kuhusu vitambaa, dereva kuhusu barabara, muuguzi kuhusu homa ya mtoto. Andika jibu lake kama unavyolieleza kwa mdomo. Kisha msomee mtu asiyeijua kazi yako. Popote atakapokukatiza kuuliza, hapo pana pengo, lizibe.

Kabla ya kutuma, soma matoleo kadhaa ya gazeti unalolilenga, ujue linapenda nini. Mwandikie mhariri kwa ufupi: makala inahusu nini, inamfaa nani, na wewe umeyajuaje hayo. Akikataa, irekebishe, umpelekee mwingine, na huku unaendelea na ya pili.

Kazi ya juma hili ni ukurasa mmoja tu.