Hotuba ya Katibu: Kwa Nini Trekta Letu Limesimama



Hii ni sikukuu ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu. Wenzangu wamekwisha eleza habari za mapato na maghala. Mimi nitasema juu ya trekta letu kuukuu, Massey Ferguson 135. Wengi wenu mwataka litoke kulima mara moja kabla ya mvua. Halmashauri imekataa mpaka usukani wake utengenezwe. Ni haki yenu kujua sababu.

Matrekta ya aina hiyo yalianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Katika hili letu, kisanduku cha usukani kina mikono miwili, na kila mkono una fimbo yake iendayo kwenye gurudumu la upande wake. Kila ncha ya fimbo ina kiungo cha gololi, ambacho mafundi hukiita boljointi. Basi viungo ni vinne. Vumbi likiingia na grisi ikikosekana, gololi hulika. Kiungo kimoja kikichomoka barabarani, gurudumu moja hujigeukia lenyewe, na trela lenye magunia husukuma kutoka nyuma. Hapo dereva hodari na mwanafunzi ni sawa.

Kuvijua vilivyolika si kazi ngumu. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kushoto na kulia, na mwenziwe atazame viungo. Panapocheza upande mmoja bila wa pili kufuata, ndipo palipolika. Kisha ekseli ya mbele iinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo imara, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Gurudumu la mbele litikiswe juu na chini: likicheza, ama beringi imelegea, ama bushi za kingpini zimekwisha.

Katika kubadili, fundi hupima kwanza urefu wa fimbo na kuuandika. Huondoa pini, hufungua nati, kisha hugonga ubavu wa jicho la mkono, akiwa ameshikiza nyundo nyingine upande wa pili. Hagongi ncha yenye nyuzi. Kiungo kipya hutiwa kwa urefu ule ule, hukazwa, hutiwa pini mpya, wala si msumari. Mwisho hupima nafasi baina ya rimu mbili, mbele na nyuma, na kuilinganisha na kitabu cha mashine. Isipolingana, matairi yataliwa upesi.

Wamo waliotushauri kiungo kichomewe kwa welding ili tuokoe fedha. Shauri hilo halifai. Moto huharibu ugumu wa chuma, na kiungo kisichogeuka huvunja kitu kingine.

Ndugu wanachama, usipoziba ufa utajenga ukuta. Juu ya trela lile hupanda pia watoto wetu watokapo shambani, ingawa tumekataza mara nyingi. Naomba mkutano huu ukubali kununua viungo vyote vinne pamoja, na kuwavumilia mafundi mpaka wamalize. Shamba likichelewa kulimwa, bado litalimika. Mtu akifa, harudi.