Bima ya Afya na Mfugaji wa Ijara



Nimeombwa niseme machache juu ya bima ya afya ya Serikali, nami sitaficha kwamba siikubali kwa namna ilivyopangwa. Sheria yake ilitiwa sahihi Oktoba 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikashika mahali pa ule Mfuko wa Bima ya Hospitali ulioundwa mwaka 1966. Nia ni njema: kila mtu atibiwe, tajiri na maskini. Ninalolipinga ni hazina moja, iliyo Nairobi, kushika kwa lazima fedha za matibabu ya watu wote.

Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100, na karani humfanyia hesabu. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na mali yake, kisha hutajiwa kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Ilivyoandikwa, sharti alipe ya mwaka mzima kwa mara moja, yaani shilingi 3,600 au zaidi. Basi mfugaji wa Hulugho au Sangailu atajibu nini? Leo ana ng'ombe arobaini. Lakini kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na wengi waliokuwa na zizi walibaki na mizoga. Maswali ya karani hayajui habari hiyo. (Tena mfugaji hapendi kumhesabia mgeni mifugo yake, aliyetunga maswali angelijua hilo kama angalikuja kunywa chai Masalani.) Mwaka 2025 ilitangazwa njia ya kulipa kidogo kidogo kwa mkopo. Mkopo ukiwa na riba, Mwislamu wa hapa hataugusa.

Fedha zikishakwenda mbali, kuzirudisha ni kazi. Hospitali hutibu kwanza, hudai, kisha hungoja. Mfuko wa zamani ulifungwa ukidaiwa mabilioni ya shilingi na mahospitali. Hospitali kubwa ya mjini yaweza kukopa dawa; ile ya mashambani humwandikia mgonjwa karatasi akanunue dukani, hali amekwisha kulipa bima. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kwamba mitambo ya kompyuta ya mpango huu, yenye gharama ya shilingi zaidi ya bilioni 104, si mali ya Serikali. Ni mzee gani wa Ijara angeweza kuligundua jambo hilo, au kulizuia?

Sisi tunayo qaaraan. Mtu akiugua, jamaa hukusanyika, kila mmoja hutoa awezacho, na mgonjwa husafirishwa siku ile ile. Hapana fomu. Wapo wanaosema kwamba desturi hiyo yatosha. Hapo nawakatalia. Ukame huwapiga jamaa wote pamoja, na hakuna anayebaki wa kumchangia mwenziwe. Wala qaaraan haiwezi kumsafisha mtu figo mara mbili kwa juma, mwaka baada ya mwaka. Mzigo huo ni wa Serikali.

Kadhalika matibabu ya kwanza, ya zahanati na vituo vya afya, yamepangwa yalipwe kwa kodi na si kwa mchango huu. Hilo nalisifu, nami nataka lizidishwe. Ninalotaka Serikali iliache ni gharama za kawaida za hospitali, zilizo katikati. Tangu 2013 afya imekuwa kazi ya kaunti. Basi mchango wa Ijara ukae Ijara, ulipwe wakati mifugo imenona na mnada una wanunuzi, si wakati karani atakapo. Hesabu zake zisomwe kila baada ya miezi mitatu mbele ya wazee na akina mama, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na risiti za dawa ziwekwe mezani.