Somo la Redio: Glavu na Hataza

Somo letu la leo ni hataza. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi, ili kwa muda fulani mtu mwingine asitengeneze kitu chake bila ruhusa. Naye mvumbuzi hueleza kazi yake waziwazi, kwa maandishi na michoro.

Tuitazame glavu ya besiboli, mchezo waliofundishwa vijana wa shule ya Azania hapa Dar es Salaam. Mwaka 1885, huko Marekani, George Rawlings alipata hataza ya glavu iliyotiwa vitu laini vidoleni na kiganjani. Shabaha yake ilikuwa kuukinga mkono usiumie. Baadaye mchezaji Bill Doak aliona upungufu: kati ya kidole gumba na kidole cha shahada palikuwa wazi. Akapaziba kwa kamba za ngozi. Glavu ikawa mfuko wa kudakia mpira. Hataza yake ilitolewa mwaka 1922.

Angalieni: Doak hakuvumbua glavu. Aliziba pengo dogo tu, lakini aliliandikisha.

Ndugu fundi wa Kariakoo, nawe huenda umeiongezea mashine yako kitu kipya. Ukikitembeza sokoni kabla ya kupeleka maombi BRELA, wenzako wataiga, nawe utakosa la kudai.

Maswali ya kikundi:
1. Glavu ya Doak ilizidi ya Rawlings kwa nini?
2. Katika kazi yenu, pengo liko wapi?