Kitabu Kufika na Kitabu Kusomwa ni Mambo Mawili

(Maongezi na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya semina katika ukumbi wa parokia)



 Nimeombwa niseme juu ya vitabu vya dini na namna ya kuvigawa. Naambiwa kuna vikundi vitatu hapa ambavyo vimeahidiwa masanduku ya vijitabu vya bure, na mnataka kujua kama mkubali au mkatae. Mwingine ameniuliza kama kikundi kinaweza kuuza vitabu na faida itiwe katika mfuko wa chama. Maswali haya ni mazuri, lakini sitayajibu mara moja. Nataka kwanza twende mbali, kusini mwa Afrika, kwa sababu huko kazi hii ilianza zamani, na mazuri yake na mabaya yake yanaonekana wazi.

Tuanze Kuruman. Ni mahali pakavu, Afrika Kusini, karibu na jangwa la Kalahari, lakini pana chemchemi kubwa ya maji. Hapo alikaa Robert Moffat, Mskoti, ambaye kazi yake kwao ilikuwa ya bustani. Alitumwa na London Missionary Society, akafika Cape mwaka 1817. Hakuwa Mkatoliki, lakini leo hilo tuliweke kando. Kwa miaka mingi mtu huyu alihubiri kwa Kiholanzi kwa njia ya mkalimani. Sasa fikirini: mhubiri asema lake, mkalimani asema lake, na watu wanatikisa vichwa tu. Nani ajuaye walisikia nini? Mwishowe, mwaka 1827, Moffat aliondoka akaenda kuishi wiki kadhaa kati ya Warolong, mahali ambapo hapakuwa na wa kusema naye Kiholanzi, ili asikie Kitswana tangu asubuhi hadi usiku. Aliporudi alikuwa anakisema.

Halafu akatafsiri Injili ya Luka. Mwaka 1830 alikwenda Cape Town kuichapisha, safari ya mamia ya kilomita kwa gari la ng'ombe, na huko hakupata wa kumchapia. Gavana akamruhusu atumie mitambo ya serikali, lakini kazi yenyewe ilibidi yeye na mwenzake waifanye kwa mikono yao, kupanga herufi moja moja. Mwaka 1831 alirudi Kuruman akiwa na mashine ya kuchapa. Agano Jipya lilichapwa London mwaka 1840. Biblia nzima ya Kitswana ilikamilika mwaka 1857, na hiyo ilichapwa pale pale Kuruman, nyikani. Hesabuni wenyewe: tangu alipofika Cape hadi Biblia kumalizika ni miaka 40.

Lakini kile ninachotaka mkione ni kwamba mashine ile haikuchapa Maandiko peke yake. Ilichapa vitabu vidogo vya kujifunzia kusoma, vya a, e, i, o, u, na katekisimu, na nyimbo. Kwa nini? Kwa sababu kumpa mtu Injili naye hajui herufi ni kama kumpa ufunguo asiye na mlango. Shule na kitabu vilikwenda pamoja. Sisi siku hizi tunapeleka sanduku peke yake, kisha tunashangaa vijitabu vikifungia sukari na njugu sokoni.

Sasa upande wa pili, maana sitaki kuwapaka mafuta tu. Katika Kitswana kuna neno badimo. Maana yake ni wazee waliotangulia, wale wahenga ambao jamii inawakumbuka na kuwaheshimu. Sikilizeni vizuri, hilo neno ni ndugu ya neno letu mizimu. Basi katika tafsiri ile ya Moffat, mahali ambapo Injili inasema Yesu alitoa pepo wachafu, liliwekwa badimo. Mnaona? Mtu anafungua kitabu kwa furaha, kwa lugha ya mama yake, anakuta babu yake marehemu amegeuzwa shetani. Msomi mmoja wa Botswana, Profesa Musa Dube, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1999, na alilitaja kwa ukali. Mimi naona alikuwa na haki. Moffat alikijua Kitswana, hilo hatukatai, lakini neno la mwisho lilikuwa lake yeye, si la wazee wa Kitswana. Kwa hiyo kitabu kikija kwa lugha yetu tusiseme tu, "Asante, kimeandikwa Kiswahili." Tuulize kinasema nini juu yetu, na ni nani aliyekaa na mwandishi.

Nitapita haraka Lesotho. Huko Morija, Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa waliweka kiwanda cha kuchapa, na tangu mwaka 1863 walitoa gazeti la Kisotho, Leselinyana. Kijana mmoja aliyefanya kazi katika duka lao la vitabu, Thomas Mofolo, akawa mwandishi mkubwa. Kitabu chake juu ya mfalme Chaka alikimaliza kama mwaka 1910, lakini hakikutoka mpaka 1925, maana wenye mashine walisitasita. Mwenye mashine ndiye anayeamua. Nyinyi mnaokodi trekta ya mtu mnalijua hilo.

Mahali ambapo vikundi kama vyetu vitajiona zaidi ni Mariannhill, karibu na Durban. Watawa wa Trapisti chini ya Franz Pfanner walianza hapo mwaka 1882. Walikuwa na mtambo wao wa kuchapa, na mwaka 1910 likaanza gazeti la Kizulu, Izindaba Zabantu, ambalo baadaye liliitwa UmAfrika. Palikuwa na padre mmoja, Bernard Huss, Mjerumani. Huyu alisema wazi kwamba mtu mwenye njaa na deni hawezi kusikiliza katekisimu. Mwaka 1920 alitoa kitabu cha kilimo. Alifundisha watu waanzishe benki ndogo za akiba na mikopo, kwa mfano wa Raiffeisen wa Ujerumani: wanachama wanajuana, wanaweka kidogo kidogo, wanakopeshana. Si ndiyo mambo yetu haya? Mwaka 1927 kilianzishwa chama kilichoitwa Catholic African Union, na ujumbe wake ulikuwa moyo bora, nyumba bora, shamba bora. Vijitabu vilizungumza juu ya sala na juu ya mbolea pia, na wala hakuna aliyeona ajabu.

Tena nitasema ukweli. Chama kile kilitakiwa pia kuwavuta watu wasiingie chama cha wafanyakazi cha Clements Kadalie, ambacho kilidai mishahara na haki. Kufundisha mtu kutunza shamba wakati sheria ya mwaka 1913 imemnyima ardhi, hiyo ni dawa nusu. Mbolea utaiweka wapi?

Nusu ya pili ya dawa niliiona nikisoma habari za Malawi. Mwaka 1992 Rais Banda alikuwa rais wa maisha, chama kimoja tu, na watu walinong'ona hata ndani ya nyumba zao. Maaskofu wetu saba waliandika barua ya Kwaresima. Ilisema juu ya umaskini, shule zilizoharibika, wagonjwa wasiopata dawa, na watu wasioweza kusema. Ilitumia hata methali ya Wachewa, kwamba kichwa kimoja hakiwezi kujitwika paa la nyumba. Ilichapwa kwa siri, ikapelekwa parokia zote, na Jumapili ya tarehe 8 Machi ikasomwa makanisani siku hiyo hiyo moja. Angalieni hapo akili ya ugawaji! Kama ingalisomwa parokia moja kwanza, ingalizimwa kabla ya kufika ya pili. Serikali ilisema ni barua ya uchochezi, kuwa nayo ni kosa. Maaskofu waliitwa na polisi wakahojiwa. Monsinyori John Roche wa Mzuzu alifukuzwa nchini. Lakini ilikuwa imekwisha kusikiwa, na watu waliendelea kuinakili na kuipitisha mkono kwa mkono. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 walichagua vyama vingi. Mwaka uliofuata Banda alishindwa katika uchaguzi.

Siwaambii barua peke yake ilifanya hayo. Nawaambia karatasi chache zilizosomwa kwa sauti, mahali ambapo watu wamekusanyika, zina nguvu kuliko masanduku kumi yaliyofungwa kwa kamba katika stoo. Nilitembelea kikundi kimoja, sitakitaja, nikakuta vijitabu vya Kwaresima vya miaka mitatu, mchwa wameshaanza kuvisoma kabla ya jumuiya.

Basi maswali yenu. Sanduku la bure, msilikatae kwa kiburi, lakini msilipokee kabla hamjapata nakala moja na kuisoma katika mkutano mbele ya wote, pamoja na wazee na wasiojua kusoma. Kikiwa kinatukana jirani zetu wa dhehebu lingine, au Waislamu tunaochota nao maji, kirudisheni. Kikiwa kwa lugha ambayo watu hawaielewi, kirudisheni pia, hata kama kina picha za kupendeza. Kuhusu kuuza, mimi nakubali bei ndogo. Zile jumuiya za kueneza Biblia zimeuza kwa bei ya chini tangu zamani, kwa sababu mtu hutunza alichotolea jasho. Lakini msitegemee faida. Mama mweka hazina aandike pesa za vitabu katika daftari lake peke yake, zisiguse akiba wala pesa za mzunguko. Na asiye na shilingi asirudishwe, atasikiliza kikisomwa.

Kila kikundi kinipe jina la msomaji mmoja kabla ya kuondoka leo, na awe mwenye sauti, si lazima awe mwenye cheo. Na yule shosho aliyeuliza kuhusu miwani ya kusomea, swali lake nimelipenda kuliko yote. Miwani ya pamoja ya kikundi, inayokaa ndani ya boksi pamoja na daftari la mahudhurio, ni jambo linalowezekana. Tuanze na hilo baada ya chai.